Je, Ukristo ni Dini ya Mzungu? Twende Kengeleni

Juzi, tukitoka kuzika, kijana mmoja wa kanisa letu alinifuata nikiwa bado nimevaa kanzu ya ibada. Alikuwa na simu mkononi. Akanionyesha video fupi ya mtu anayesema, kwa uhakika mkubwa, kwamba Ukristo ni dini ya mzungu. Kwamba mababu zetu walitiwa minyororo kwanza, kisha wakapewa Biblia ili wasiione minyororo yenyewe. "Mchungaji," akaniambia, "nimeitazama mara nne. Sina la kujibu, na moyo haujatulia."

Sikumjibu palepale. Huyu si wa kwanza kuniuliza. Nimeulizwa na waendesha bodaboda, na mama mmoja wa kikundi cha akina mama, na mwalimu wa historia ambaye siku hizi haji tena ibadani. Wote wanataka niseme ndiyo au la. Lakini swali hili ni fundo: ndani yake kuna maswali kadhaa, na kila moja lina jibu lake. Naomba tulifungue uzi mmoja mmoja.

Tuanze na maneno. Anayesema "dini ya mzungu" huwa ameweka vitu vitatu kwenye kapu moja. Kuna Ukristo wenyewe, imani iliyoanza Yerusalemu karibu miaka 2000 iliyopita, miongoni mwa Wayahudi waliokuwa wakitawaliwa na Warumi. Kuna umisheni, yaani vyama vya kanisa kutuma watu wakahubiri katika nchi nyingine. Kwa Waprotestanti, katika pwani yetu kazi hiyo ilianza 1844, Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa. Na kuna ukoloni, taifa moja kulitawala jingine kwa nguvu na kujitwalia ardhi yake. Waingereza walitangaza himaya yao hapa 1895. Tazama umri wa vitu hivyo. Cha kwanza ni babu wa mababu, na hivyo viwili ni vya juzi.

Mimi huwaambia vijana wafikirie barua. Barua ni kitu kimoja. Tarishi aliyeileta ni mwingine, na anaweza kuwa mtu mwema au mtu wa hila. Na yule mwenye bunduki aliyesafiri chombo kimoja na tarishi ni mwingine tena. Una haki ya kumshtaki mwenye bunduki. Una haki ya kumhoji tarishi, na nitamhoji hapa chini. Lakini hujajua kama barua ni yako mpaka uangalie jina lililoandikwa juu yake.

Sasa tuulize: barua hii ilifika Afrika lini? Mfalme Ezana wa Aksum, katika Ethiopia na Eritrea za leo, aliupokea Ukristo katika karne ya 4, na sarafu zake zikapigwa chapa ya msalaba. Augustino, mwalimu ambaye kanisa la magharibi linamsoma hadi leo, alizaliwa mwaka 354 Thagaste, katika nchi tunayoiita Algeria. Misri ilikuwa na wakaa pweke na shule za Biblia mapema zaidi. Falme za Nubia, katika Sudan ya leo, zilikuwa za Kikristo tangu karne ya 6. Mtawa aliyetumwa kutoka Roma kuwahubiria Waingereza, Augustino wa Canterbury, alifika kwao mwaka 597. Wakati huo Waaksum walikuwa wamekwisha kuomba kwa jina la Yesu zaidi ya miaka 200.

Hapo ndipo watetezi wengi wa imani hufunga mazungumzo na kuondoka wakishangilia. Mimi siwezi. Yule kijana si Mhabeshi. Kanisa la Aksum halikufika Rabai, nje kidogo ya Mombasa, wala Kisauni. Wareno ndio waliokuja pwani hii na msalaba mwaka 1498, wakajenga Fort Jesus kuanzia 1593, na walipofukuzwa humo 1698 hawakuacha usharika wa kutajika nyuma yao. Kwa hiyo swali bado lipo: sisi wa huku, nani aliyetuhubiria?

Jibu la haraka ni Krapf na mwenzake Johannes Rebmann. Krapf alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga Mombasa mwaka uleule wa 1844, na kila nikilifikiria hilo nanyamaza kwanza. Lakini tuseme ukweli wa hesabu. Wawili hawa walifanya kazi kubwa ya lugha na ya kuchora ramani, ila kwa miaka mingi waumini wao walihesabika kwa vidole. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu mlemavu wa Rabai, na alibatizwa akiwa karibu kufa. Angekuja mgeni Rabai mwaka 1860 angesema kazi hii haina kesho.

Waliobadilisha mambo walikuja kwa njia ya bahari, nao walikuwa watu weusi.

Enzi hizo merikebu za kivita za Waingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi ya watumwa baharini. Watoto waliookolewa humo walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine wengi, na hawakuweza kurudishwa makwao: wengine hawakukumbuka hata jina la kijiji, na njia ya kurudi ilikuwa ileile ya wawindaji wa watumwa. Baadhi walipelekwa India, wakasomeshwa karibu na mji wa Nasik, upande wa Bombay, wakafundishwa uhunzi, useremala na Biblia. Mwaka 1864 watatu kati yao walifika Rabai kumsaidia Rebmann: George David, Ishmael Semler na William Jones. Watu wakawaita Wabombay. Walikuwa weusi, wasomi, wenye kujua lugha kadhaa, na waliujua utumwa kwa mgongo wao wenyewe, si kwa kusimuliwa.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukomesha usafirishaji wao baharini. Mwaka 1875, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, yakaanzishwa makazi ya watu waliookolewa, yakaitwa Frere Town, kwa jina la Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza katika mazungumzo ya mkataba ule. Wakazi wake waliitwa mateka. Baadaye wajukuu wao wakaitwa Wamisheni. Ikajengwa kengele: ilipolia ilikuwa wito wa ibada, au onyo kwamba hatari inakaribia. Ukipanda matatu leo kuelekea Kisauni, utingo anaita "Kengeleni!" na watu wanashuka kununua mboga. Kengele ingali pale kando ya barabara.

Bara kidogo, katika nchi ya Wagiriama, palikuwa na kijiji cha Fuladoyo. Hapo Wagiriama walioamini waliishi pamoja na watoro, yaani watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Hapakuwa na mzungu aliyekaa nao. Walisali wenyewe, wakalima wenyewe, wakafichana wenyewe. Kiongozi wao mmoja, David Koi, aliuawa mwanzoni mwa miaka ya 1880 na watu waliotaka watumwa wao warudi. Nimehubiri miaka mingi kabla ya kulisikia jina la David Koi. Wafiadini wa Uganda nilifundishwa tangu utotoni, na ni haki yao. Lakini huyu wa kwetu, aliyekufa kwa sababu kanisa lake lilikataa kuwatoa watoro, hakuna aliyenitajia.

Mwendo wa namna hiyo ulikuwa ukienda kote. Dallington Maftaa, kijana aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Zanzibar, alibaki katika jumba la Kabaka Mutesa tangu 1875 akimsomea na kumtafsiria Maandiko, miaka miwili kabla wamisionari wazungu hawajafika Buganda. Cecil Majaliwa, Myao aliyeokolewa utumwani akiwa mtoto, alipewa upadre Zanzibar mwaka 1890, na kituo chake cha Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo, alikiongoza mwenyewe. Hawa ndio matarishi wetu. Tukisema "dini ya mzungu" tunawafuta mara ya pili watu ambao wafanyabiashara wa watumwa walikwisha kuwafuta mara moja.

Kuna neno moja ambalo ningependa tulikalie kidogo, maana kwangu ndilo linaloyashika yote. Ni neno kukomboa.

Halikuzaliwa kanisani. Ukiweka pete yako rehani, ukarudi na fedha, umeikomboa. Mtu aliyetekwa, ndugu zake wakilipa, wamemkomboa. Sasa fikiria Rabai mwaka 1888. Watoro wamejaa pale misheni, wamehifadhiwa na William Jones na wenzake. Wenye mashamba wanawadai kwa hasira. Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imekodi pwani kutoka kwa Sultani ikaamua kuwalipa wenye mashamba fidia, na siku ya 1 Januari 1889 watu takriban 1,400 wakapewa hati za uhuru. Kampuni ilikuwa na sababu zake. Ilitaka amani na matajiri ili biashara iende. Lakini jaribu kukaa kwenye benchi la kanisa la Rabai Jumapili iliyofuata, ukisikia maneno ya Paulo kwa Wakorintho, "mlinunuliwa kwa thamani." Leo tunayasikia kama mfano mzuri wa mahubiri. Wao walikuwa na karatasi nyumbani. Walijua bei ilikuwa ngapi na nani alilipa, na sasa wanaambiwa kuna Mwingine aliyelipa zaidi bila kutafuta faida.

Nani atawaambia watu hao kwamba walipewa Biblia ili waisahau minyororo?

Na tarishi je, ana hatia?

Ana hatia, na sitamficha.

Frere Town haikuwa paradiso. Watu waliotoka kwenye kiboko cha bwana walikikuta kiboko tena mikononi mwa wasimamizi wa misheni, hadi balozi wa Uingereza aliyekuwa Zanzibar ikabidi aingilie. Semler na Jones, walioifanya kazi tangu 1864, walipewa ushemasi mwaka 1885, baada ya miaka 21, huku vijana wazungu wakishuka melini na kuwa wakubwa wao siku hiyohiyo. Na wakati serikali ya Uingereza ilipoishika pwani hii mwaka 1895, haikuufuta utumwa. Uliendelea kutambuliwa kisheria hadi 1907. Wanaotuambia ukoloni ulikuja kutukomboa wahesabu miaka hiyo 12.

Kuna pia matarishi waliothubutu kuifungua barua na kuchana kurasa. Mwaka 1807 ilichapishwa London Biblia maalumu kwa ajili ya watumwa wa makoloni ya Waingereza katika Karibi. Sehemu kubwa ya kitabu cha Kutoka ilikatwa, pale Musa anapomwambia Farao awaache watu waende. Yule kijana alikuwa amelisikia hili na likamkata tamaa. Mimi linanipa nguvu. Kama Biblia ni kitabu cha kuwalaza watumwa, kwa nini mwenye mtumwa alihitaji mkasi?

Nchini Marekani weusi waliisikia ile hadithi iliyokatwa hata hivyo. Richard Allen alizaliwa mtumwa mwaka 1760, akafanya kazi za ziada akajinunua, yaani akajikomboa mwenyewe. Katika kanisa moja la Philadelphia yeye na wenzake weusi waliona mwenzao akiinuliwa kwa nguvu akiwa amepiga magoti katikati ya maombi, kwa sababu amepiga magoti mahali pa wazungu. Wakatoka wote. Mwaka 1794 wakafungua kanisa lao, Bethel, na 1816 likazaliwa dhehebu zima la Kimethodisti la watu weusi. Watu hawa waliwaacha wale waliowatesa. Barua hawakuiacha, maana walikuwa wameiona anwani.

Laana ya Hamu

Hili linahitaji aya yake, kwa kuwa bado nalisikia, na mara nyingine nalisikia kutoka midomo ya wahubiri weusi. Husemwa kwamba Nuhu alimlaani mwanawe Hamu awe mweusi na mtumwa, na sisi ndio uzao wa Hamu.

Fungua Mwanzo sura ya 9 usome polepole. Nuhu analewa, Hamu anauona uchi wa baba yake, na Nuhu akilevuka analaani. Anamlaani nani? Anamlaani Kanaani, mtoto wa Hamu. Hamu mwenyewe hakulaaniwa. Rangi ya ngozi haitajwi popote katika kisa hicho. Sasa nenda sura ya 10: Hamu ana wana wanne, na Kushi, ambaye Biblia humhusisha na nchi za kusini ya Misri, ni mmoja, Kanaani ni mwingine, na uzao wake ni watu wa nchi ileile ambayo Waisraeli waliingia baadaye. Kwa hiyo hata anayeichukua laana ile jinsi ilivyo, haimfikishi Afrika. Zaidi ya hayo, aliyetoa laana ni mzee aliyetoka kwenye ulevi. Maandiko hayasemi kwamba Mungu aliitamka. Tafsiri ile ilistawi mahali palipokuwa na watumwa wa kuuzwa, na ilipendwa kwa kuwa ilimpa muuzaji usingizi.

Jirani zangu Waislamu wanaweza kuwa wanasoma, na ningependa wanisikie vizuri. Simsimulii David Koi ili niwarushie jiwe. Wafaransa Wakristo walinunua watu pwani hii kwa ajili ya mashamba yao ya visiwani Réunion na Mauritius. Wareno Wakristo waliwapakia Msumbiji kwenda Brazil. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalikuwa ya Waislamu, na watawala weusi wa bara waliwauza mateka wa vita vyao. Hakuna msikiti wala kanisa linaloweza kunawa mikono. Na wajukuu wa waliouzwa leo wako misikitini na makanisani, wanapanda matatu moja.

Rafiki yangu mmoja aliwahi kuniuliza: hata kama matarishi walikuwa weusi, si bado ni kitu cha kuja? Nikamwuliza chakula chake cha jana usiku. Ugali. Mahindi yalitoka Amerika, ng'ambo ya bahari mbili, na hakuna nyumba hapa inayouita ugali chakula cha wageni. Tumeyalima katika udongo wetu, tumeyasaga, tumeyapa jina letu. Najua mfano huu haufiki mbali. Imani si unga, na mtu anaweza kuipima akaikataa, hiyo ni haki yake mbele za Mungu. Ninachokataa ni aambiwe kwamba hakuwahi kuwa nayo.

Na kulima kwenyewe kulikuwaje? Frere Town, mtu hakuwa na ukoo. Kijana akitaka kuoa, hapakuwa na mjomba wa kwenda kuposa wala baba mkwe wa kupokea mahari. Mtu akifa, hapakuwa na wa ukoo wake wa kumwosha. Myao alimwoa Mmakua, na watoto wakazungumza Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha pekee iliyomfikia kila mtu uani. Wazazi wa ubatizo walibeba kazi ya shangazi na mjomba. Ninaposimama leo kwenye mazishi ya mtu aliyehamia Mombasa miaka 40 iliyopita, naona jumuiya inachangishana fedha za jeneza, akina mama wanapika tangu alfajiri, vijana wanachimba kaburi, wote makabila mbalimbali. Tunadhani ni desturi tu ya mjini. Kwa macho yangu ni mateka waliotufundisha: watu walionyang'anywa ukoo wakajua jinsi ya kuufanya upya kwa watu waliobaki.

Jumamosi iliyofuata nilimchukua yule kijana tukashuka Kengeleni. Amepita hapo maisha yake yote. Tulisimama chini ya kengele, magari yakipiga honi nyuma yetu, nikamweleza habari za majahazi, za Wabombay, za watoro wa Rabai. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema bibi yake mzaa mama, akikasirishwa na majirani waliomwuliza kabila lake, alikuwa akijibu neno moja tu, "Mimi Mmisheni," na wao kama watoto walidhani anamaanisha kwamba anapenda sana kanisa.

Akatoa simu. Hakufungua video. Alimpigia mama yake, akamwuliza kama bibi aliwahi kusema wazazi wake walitoka wapi.